Nakala ya Rembrandt imefanya mabaka yaliyofubaa: nipige vanishi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mume wangu aliniagizia nakala ya picha ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, ile ya familia ya watu watano iliyoko Braunschweig, Ujerumani. Imechorwa kwa mkono, rangi ya mafuta, sentimita 60 kwa 80. Ilifika imeviringishwa ndani ya bomba, tukaiwamba kwenye fremu. Sasa ni miezi mitatu. Nyuso na gauni jekundu la mama vinang'aa vizuri, lakini giza la nyuma limefanya mabaka ya kijivu kama vumbi, na ukifuta hayatoki. Fundi fanicha wa hapa mtaani anasema tuipige vanishi mikono miwili itarudi. Tumruhusu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Msimruhusu. Vanishi ya milango na viti hukauka ngumu, hugeuka njano, na siku ukitaka kuitoa itaondoka na rangi. Isitoshe, haitibu ugonjwa wenyewe.

Mabaka hayo ni sehemu ambazo rangi imenyonywa mafuta. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta yanayokauka yenyewe, mara nyingi ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kwa kuvukiza kama maji. Yanashika oksijeni ya hewani, taratibu yanageuka utando mgumu. Kama tabaka la chini lina kiu, linayafyonza kabla hayajashika, na juu zinabaki chembe za unga ziko wazi. Mwanga ukizigonga unatawanyika, jicho linaona kijivu badala ya weusi. Rangi haijapotea, ipo palepale.

Kwa nini giza tu? Rembrandt alipoichora familia ile, mwaka 1665 hivi, gauni la mama alilijenga kwa rangi nzito mpaka ikainuka juu ya kanvasi, ila giza la nyuma akalipaka jembamba. Mwenye kunakili hufuata hivyohivyo, na giza hilo hulipata kwa amba, udongo wa kahawia wenye madini ya manganizi. Amba hunywa mafuta mengi na hukauka upesi kuliko rangi nyingi. Sasa mchoraji mwenye haraka akiizimua kwa tapentaini nyingi, juu ya kanvasi ya dukani iliyopakwa msingi unaofyonza, mabaka yanakuja yenyewe. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba kila tabaka liwe na mafuta zaidi kuliko lililo chini yake. Hapo kanuni imerukwa, ingawa sisemi mchoraji wenu hajui kazi. Nyuso zikiwa nzuri kama unavyosema, anajua.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha. Tia pamba waiti spiriti (kile kiyeyushi cha rangi ya mafuta) kidogo tu, ikamue, kisha igusishe kwenye baka moja la pembeni bila kusugua. Weusi ukirudi baka likiwa limelowa na kufubaa tena likikauka, ni mafuta yaliyofyonzwa. Pamba ikitoka na rangi, acha mara moja: bado haijakauka, subiri miezi mingine. Na hewa ya Tanga ilivyo na unyevu, angalia pia kama kijivu hicho kina vinyweleo au harufu ya uvundo. Hiyo ni kuvu, na dawa yake si hii.

Kama ni mafuta, rudisha mafuta. Changanya mafuta ya kitani yaliyosafishwa kwa ajili ya wachoraji na waiti spiriti, nusu kwa nusu. Laza picha mezani. Paka mabaka peke yake, kwa kitambaa laini cha pamba, kiasi cha kulainisha tu. Ngoja dakika chache, halafu chukua kitambaa kikavu ufute mpaka uone kama hujapaka kitu. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanaacha mafuta yanang'aa juu, na miaka ikienda yanakuwa ngozi ya njano inayoshika vumbi. Baka likifubaa tena baada ya wiki mbili, rudia mara moja. Vitambaa ulivyotumia usivitupe kwenye pipa vikiwa vimefumbatwa, kwa sababu mafuta ya kitani yakishika oksijeni yanatoa joto na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe. Viloweke majini au vitandaze nje.

Vanishi ije baadaye, ile ya picha inayoweza kutolewa. Kwa rangi nyembamba husubiriwa miezi sita, kwa rangi nene kama ya gauni hilo mwaka au zaidi. Zipo za kisasa zinazoruhusu mapema, soma kopo. Ukiiharakisha juu ya rangi mbichi, inashikamana nayo na baadaye hupasuka. Mimi ningechagua ya kung'aa kiasi, maana ya kufubaza kabisa itakurudishia kijivu kilekile juu ya giza lote.

Haya yote ni kwa nakala mpya. Kama nyumbani kuna picha ya zamani ya ukoo yenye tatizo kama hili, usiitie mafuta. Mpelekee mhifadhi wa picha.

Kwa sasa itundike mbali na ukuta unaovuja au wa bafu, na ubandike vipande vya kizibo kwenye pembe za chini, nyuma ya fremu, ili hewa ipite.