Ukienda kwa Titian, usirudi na picha yake

Kila akija kijana mpya studio kwetu, nasubiri tu siku atakayonionyesha Mona Lisa. Atakuwa amemvalisha kanga, au amempa simu mkononi, na nyuma yake minazi. Simcheki, maana na mimi nilimvalisha kanga. Ila namwambia ukweli: hapo Leonardo, mchoraji wa Mona Lisa, amekuazima jina, kuchora hajakufundisha. Mtazamaji akishatabasamu, picha imeisha, anaenda zake.

Mfano ninaowapa wanaoanza, wa kujifunza kwa mchoraji wa kale bila kuishia kwenye jina lake, ni wa Titian, mchoraji wa Venice aliyefariki mwaka 1576, na wasanii watatu wa leo walioitwa kumjibu.

Titian alimchorea Mfalme Philip II wa Hispania mfululizo wa picha kubwa kutoka kwenye hadithi za Ovid, mshairi wa Kirumi. Mojawapo ni Diana na Actaeon, iliyokamilika mwaka 1559. Kijana Actaeon yuko mawindoni na mbwa wake, anatokeza mahali, kumbe Diana, mungu wa kike, anaoga na wajakazi wake. Kwa kosa hilo la kuona atageuzwa kulungu, na mbwa wake mwenyewe watamrarua. Katika picha hii Titian hakuchora kuraruliwa. Amechora ile sekunde pazia linapofunuka: mkono wa kijana umebaki hewani, Diana anajivutia nguo, kijibwa kinabweka, na juu ya nguzo kuna fuvu la kulungu. Mwisho wa hadithi umeshatundikwa pale, mwenyewe hajaujua.

Mwaka 2012 National Gallery, jumba la picha la London, iliziweka pamoja picha tatu za Titian zinazomhusu Diana, ikawaalika Chris Ofili, Conrad Shawcross na Mark Wallinger watengeneze kazi mpya kutokana nazo. Kila mmoja angeweza kuchora wanawake kando ya maji, akapigiwa makofi, akaenda nyumbani.

Wallinger hakuchora kitu. Alijenga chumba cha kuogea ndani ya jumba, akatafuta wanawake ambao jina lao kweli ni Diana, wakawa wanapokezana kukaa humo. Mgeni ilimbidi achungulie kwenye tundu. Ukishainama na jicho moja umelifumba, huangalii tena hadithi ya Actaeon, ni wewe. Shawcross alileta roboti, mkono wa chuma wenye taa, ukiizungukia pembe ya kulungu kama unaichunguza. Ofili, mzaliwa wa Manchester mwenye wazazi Wanigeria, ndiye pekee aliyebaki na rangi, lakini alimhamishia Diana Trinidad, kisiwa cha Karibi anakoishi, kwenye miti na mwanga wa kule.

Nikiwasimulia hivi, kuna anayeuliza, "Sasa Titian yuko wapi kwenye roboti?" Swali zuri. Yuko kwenye ubaridi wake. Diana wa Titian hana huruma, na mashine haina huruma. Shawcross aliiacha picha akachukua kilichokuwa kinaiendesha. Jaribu mwenyewe: chukua picha ya mchoraji mkubwa yeyote wa Renesansi, zama za Leonardo na Titian, ondoa nguo, nguzo, malaika na farasi, halafu ujiulize kimebaki nini. Kikibaki kitu, kwa mfano hofu ya kuonwa au aibu ya aliyechelewa, hicho ndicho cha kuondoka nacho. Kisipobaki kitu, tafuta picha nyingine.

Lakini kabla ya kufika huko, nakili. Najua wapo wanaowaambia kunakili ni utumwa. Rubens alipokuwa Madrid mwaka 1628 na 1629, tayari mchoraji mwenye jina Ulaya nzima, alikaa akanakili picha za Titian. Ya Adamu na Hawa aliinakili, akambadilisha Adamu mkao na kuongeza kasuku mwekundu. Leo zote mbili ziko Prado, jumba la makumbusho la Madrid. Rubens hakuona haya. Wewe wa mwaka wa kwanza unaona haya ya nini?

Mimi kunakili kulinifunza kwa kuumbuka. Nilikuwa na picha ya Kifo cha Actaeon ya Titian, imekatwa kwenye kalenda kuukuu, upana kama wa daftari. Diana yuko mbele kabisa, anakimbia, ameuinua upinde. Nilifanya kazi wiki tatu, nikajivunia hasa upinde ule, nikaupeleka kwa mzee aliyekuwa ananifundisha. Akautazama, akaweka kidole. "Hii kamba umeitoa wapi?" Nikamwambia ni kamba ya upinde, mzee. Akanirudishia kipande cha kalenda. Kamba hakuna. Titian hakuichora. Nilidhani kalenda imechapwa vibaya, nikamsaidia.

Picha ile ilikuwa bado kwenye karakana ya Titian alipofariki, na wataalamu hadi leo wanabishana kama aliimaliza. Mimi ubishi huo siuingilii. Kilichonikera ni kwamba mkono wangu ulichora upinde ninaoujua, macho yakalala. Tangu siku hiyo nakili yangu ya kwanza huwa ya penseli tu, nahesabu: vidole vingapi, nani anamwangalia nani, nini hakipo.

Jambo la vifaa nalo. Watu hudhani kanvasi, kitambaa cha kuchorea, ni mahali pa kuwekea picha tu. Venice ni mji wa bahari, unyevunyevu huziharibu picha zilizochorwa juu ya ukuta wenyewe, na kitambaa cha matanga kilikuwepo tele. Titian alipenda kitambaa chenye nyuzi nene, na uzeeni aliziacha nyuzi zifanye kazi; ukisogea karibu unaona michirizi na madoa, ukirudi nyuma inakuwa ngozi na maji. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, anachora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, gome la mutuba linalopondwapondwa na Baganda. Gome lina matundu na mishono, na matundu hayo yanaingia kwenye picha. Sisemi mkanunue lubugo wote. Mwaka juzi walinunua, nikaona lubugo kumi na mbili na picha hata moja hakuna. Nasema ujue kitambaa chako kinataka nini kabla hujakifunika.

La mwisho nimelichukua kwa Palma Giovane, mchoraji aliyemjua Titian uzeeni. Anasimulia kuwa mzee alikuwa akianza picha kwa rangi nzito, kisha anaigeuzia ukutani na kuiacha hata miezi. Akiirudia, anaikagua kama adui yake mkubwa, atafute kasoro. Mwishoni alitumia vidole kuliko brashi.

Kwetu studio tumeifanya sheria. Picha ikifika nusu inageuzwa, na hairuhusiwi kupigwa picha ya simu, maana mtu ataenda kuichungulia kitandani usiku. Vijana hulalamika sana juma la kwanza. Yangu iko nyuma ya mlango tangu Aprili. Juzi niliigeuza, nikaitazama kama dakika mbili, nikairudisha. Mkono wa kushoto bado unaniudhi.