Na mama yule alifungaka siku ngapi?

Wiki hii mmeuliza hivi: hadithi ya kikristo ikiwa na bwana anayepiga bibi yake, ni lazima imalizike bwana ametubu na ndoa imepona? Mimi niko Bukavu, Kadutu, na najibu kama mtu aliyeiandika hiyo hadithi yenye mnauliza, tena ilipigiwa makofi.

Ilikuwa 8 machi 2023. Bamama wa kanisa yetu walitaka teatre ya sikukuu ya wanawake, na sababu mimi njo naandikaka michezo ya Noeli wakanipa kazi. Nikaandika vile kila mtu anaandikaka: bwana anarudi amelewa, anapiga, bibi ananyamaza, anaingia chumba cha maombi, anafunga, jirani anamwambia toroka anakataa, halafu siku moja katikati ya ibada bwana anaingia mbio anaanguka mbele ya madhabahu analia, korali inaimba, amina. Sinema za Nigeria zinazopita ku televizyo zimejaa hiyo, na vitabu vidogo vinavyouzwa mlangoni mwa kanisa pia, sikuwa hata na haja ya kufikiri. Watu walisimama. Papa mmoja alilia sana, na huyo papa miye namjua ku nyumba yake, basi niachie hapo.

Nikiwa nakunja nguo za mchezo mama mmoja akanikaribia, kitambaa cha kichwa amekishusha mpaka karibu na jicho, akaniuliza pole pole, "Yaya, yule mama wa mchezo alifungaka siku ngapi?" Nilizani ni mzaha. Kisha nikaona anangoja jibu, vile mtu anauliza ku farmasi hii dawa ni vidonge vingapi kwa siku. Sikuwa nimehesabu. Nikamwambia ni mchezo tu mama. Akasema, "Mimi niko ku mwaka wa tisa."

Tangu ile siku hizo hadithi nazisoma na jicho ingine. Maombi sina neno nayo, mimi mwenyewe naomba, na mjomba wangu aliachaka pombe kwa maombi na hajairudilia. Ila kuna hesabu iko chini ya hadithi: maumivu ya bibi yanageuka pesa ya kununulia bwana wokovu, akiumia vya kutosha bwana ataokoka, kwa hiyo bwana akiwa bado, ni bibi hajamaliza kulipa ao imani yake ni kidogo. Hakuna mwandishi anaandika hivyo wazi, lakini mama wa benchi ya nyuma anasikia paka hivyo, na anarudi nyumbani kulipa.

Watatutolea 1 Petro 3, wanaume wavutwe kwa mwenendo wa wake zao. Sawa, lakini teremkeni mpaka mstari wa 7, pale Petro anaambia wanaume waheshimu wake zao ili maombi yao yasizuiliwe. Sijaonaka bado hadithi ambapo bwana anapiga magoti na mbingu inakuwa bati juu ya kichwa chake, sababu ya kile alichofanya jana ku jikoni. Ingekuwa teatre nzuri kabisa!

Na Abigaili je, 1 Samweli 25? Bwana yake Nabali ni tajiri, mkali, mlevi. Amewanyima chakula watu wa Daudi na kuwatukana, Daudi anakuja na watu wa upanga, na Abigaili hangoji ruhusa ya mtu: anapakia mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano, na vingine, anapanda punda bila kumwambia bwana neno, na akifika mbele ya Daudi anasema waziwazi kama huyu mtu ni mpumbavu. Akirudi anakuta Nabali amelewa chakari. Ananyamaza mpaka asubuhi, divai imtoke kwanza. Kila mama mwenye aliishi na mlevi anaijua hiyo asubuhi, unachagua saa ya kusema kama vile unachagua mahali pa kukanyaga ku matope, mwandishi wa ile sura aliwahi kuona nyumba ya namna ile. Na Nabali hatubu, anakufa siku kama kumi mbele.

Mtasema hizi ni fikra za siku hizi. Anne Brontë, binti ya pasta huko Uingereza, aliandika The Tenant of Wildfell Hall mwaka 1848, niliisoma kwa kifaransa pole pole sana. Helen, msichana mwenye kujua Biblia, anaolewa na Arthur Huntingdon, mtu wa anasa, akiamini atamwokoa na upendo. Shangazi alimwonya, wapi. Bwana anaharibika zaidi, anafikia kufundisha mtoto wao mdogo kunywa divai na kutukana, hapo njo Helen anatoroka na mtoto, na imani anaondoka nayo. Alitaka kuishi kwa kuuza picha anazochora, na bwana alipogundua mpango akachoma rangi na brashi zake zote. Sheria ya kule wakati ule mali ya bibi ni ya bwana, mtoto pia. Tusiwacheke, Kode yetu ya familia ya 1987, sheria ya ndoa na jamaa huku Kongo, ilitaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana hata kwa kwenda tribinali, walikuja kuiondoa 2016.

Mwishoni Helen anarudi kumwuguza Huntingdon akiwa anakufa. Hapo nilikasirika nikafunga kitabu siku mbili. Halafu nikaendelea nikaona: anarudi, lakini kabla ya kumwonyesha mtoto anamtilisha sahihi ku karatasi, kwamba mtoto ni wa mama na anaweza kumtoa pale wakati wowote. Anamlisha kwa mkono na karatasi iko ndani ya sanduku. Naye Huntingdon anakufa na woga, anatamani angeenda na bibi yake huko mbele amwombee. Anne hakumpa madhabahu wala korali. Alikufa 1849 na miaka 29, na dada yake Charlotte hakutaka kitabu kichapwe tena, akisema Anne alikosea kuchagua habari ile.

Mimi Charlotte wangu nilimpata ku komite. Machi 2024 niliandika mwisho mpya: bwana analia madhabahuni vile vile, machozi ya kweli, pasta anamshika bega, lakini bibi na watoto wako tayari ndani ya boti ya kwenda Goma kwa dada yake. Wanampigia simu kumpa habari njema. Anasema, "Nimefurahi. Aendelee," anakata. Komite walisema nitavunja ndoa za watu. Papa mmoja, mtu wa roho nzuri, aliniomba tu boti irudi, "hata sauti itoke nyuma ya pazia iseme kwamba kisha miaka alirudi." Nilikataa, kanisa wakatunyima, tukachezea ku uwanja wa nyumba ya jirani, mvua ikatukuta katikati.

Yule mama alikuja. Hakuuliza habari ya siku. Aliniomba kaye, daftari yenye mchezo ndani, aende kunakili, mpaka leo haijarudi, na mimi sijaiombaka.