Kabla hujasema ni pengo la oksijeni, kagua kibano chako

Wadogo zangu mnaoanza utafiti huku Arusha mna ujumbe mmoja mnaoupenda: "Kaka, oksidi yangu ya zinki imeonyesha usumaku, nadhani ni mapengo ya oksijeni." Inawezekana. Atomu ya oksijeni ikikosekana kwenye fuwele, elektroni inaweza kunaswa pale bila mwenza, na elektroni isiyo na mwenza ni sumaku tayari. Tena oksidi mnayotengeneza ni chembe nano, yaani punje ndogo mno, zenye uso mkubwa kwa uzito wake, na usoni ndiko kasoro hujazana.

Lakini mimi huushuku uchafu kwanza.

Piga hesabu. Usumaku unaodaiwa katika oksidi za namna hii mara nyingi ni kama 0.001 emu (kizio cha usumaku) kwa gramu. Magnetaiti, oksidi ya chuma yenye usumaku mkali, ina takriban 92. Kwa sampuli ya miligramu 50, nusu mikrogramu tu ya magnetaiti inatoa ishara ileile, na kipimo cha eksirei hakitaiona. Sasa chukua sumaku, ipitishe kwenye mchanga wa korongo lolote chini ya Mlima Meru, uone punje nyeusi zinavyong'ang'ania. Vumbi la mchanga huo ndilo linalotuingilia dirishani kiangazi.

Na kibano je? Mwaka 2004 watafiti wa Dublin walitangaza usumaku katika tando nyembamba za oksidi ya hafniamu. Mwaka uliofuata kundi jingine likaonyesha kwamba kuzishika kwa kibano cha chuma cha pua kunatosha kuacha ishara kama ile. Nunua cha plastiki, bei yake haiumi. Pima pia kapsuli tupu ya kubebea sampuli, na kemikali zako kabla hujazichanganya.

Wengi hukimbilia tanuru: choma hewani, usumaku ukishuka basi mapengo yamejazwa. Peke yake siukubali ushahidi huo. Magnetaiti nayo ukiichoma hewani kwa nyuzi 600 inageuka hematiti, oksidi nyingine ya chuma, ambayo usumaku wake ni hafifu mno. Jibu linafanana! Peleka sehemu ya sampuli ikapimwe kiasi cha chuma, ndipo tuzungumze.

Anayetengeneza magnetaiti yenyewe, ya kuondolea floraidi kwenye maji yetu, shida yake ni kinyume: kwake kasoro hupunguza usumaku. Atomu za usoni hupinda mwelekeo wa usumaku, na chembe za nanomita 10 mara nyingi haziifikii hiyo 92. Huyo asihangaike. Hata akipata 60, sumaku nzuri chini ya ndoo itazikusanya.