Kompyuta ya Marehemu Ami: Iwashwe au Isiwashwe?

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Marehemu ami yangu, aliyesoma Uingereza miaka ya 1980, alirudi na kompyuta ya BBC Micro, Modeli B, ambayo hadi leo imo kabatini pamoja na kanda zake. Wanangu wanataka kuiona ikiwaka. Je, niichomeke tu? Na ina faida gani kwa mtoto wa sasa?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waalaykum salaam. Tafadhali usiichomeke kwanza. Plagi yake huingia katika soketi zetu bila ya taabu, na umeme inaoutaka ndio huu wetu, kwa hivyo kishawishi ni kikubwa. Lakini ndani ya pawa saplai yake mna kapasita (vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme) za karatasi zilizofunikwa kwa plastiki ngumu, ambayo kwa uzee hufanya nyufa na kuingiza unyevu, na zikipata umeme baada ya kukaa miaka mingi hupasuka na kutoa moshi mzito wenye harufu kali. Hayo hutokea hata huko Uingereza, sembuse Pemba kwenye hewa ya chumvi. Mpelekee fundi wa redio azibadilishe kwa kapasita mpya za daraja la X2 (zilizoundwa kuungwa na umeme wa nyumbani) zenye thamani ile ile. Usiifungue mwenyewe, kwani ndani mna kapasita nyengine kubwa ziwezazo kubakia na umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Mashine hii ilitengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge, ikatolewa mwishoni mwa 1981 kwa mradi wa BBC wa kuufundisha umma kompyuta, na ikaenea mno katika skuli za Uingereza. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 32 tu, na picha zake zilizo bora hula 20 katika hizo. Hata hivyo, ikishawashwa hulia, na mara hiyo hiyo lugha ya BASIC, ya kuandikia programu, huwa tayari kupokea amri: mtoto akiandika PRINT 7*8 na kubonyeza RETURN, jibu analo. Kwa maoni yetu, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kumlipa fundi.

Picha itafuteni katika televisheni yenye kupokea analogi, chaneli ya 36 ya UHF. Kanda, ambazo ndizo zenye programu, zikaguliwe ukungu kabla ya kuchezwa. Ikiwa mashine imefungiwa sehemu ya diski, andikeni *TAPE kwanza ili isome kanda badala ya diski, kisha CHAIN"", ndipo mwanzishe kanda. Programu ndefu huchukua dakika kadhaa kuingia.