Uko peke yako, kima cha chini, na kila mtu anaipigia hesabu hela yako

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa hapa Moshi aliniandikia. Amepata kazi ya dukani, amepanga chumba Majengo, hana mume wala mtoto. Akaniuliza: "Dada, hivi mtu mmoja anashindwaje kuishi na mshahara wake? Mbona ikifika tarehe kumi nimeshakauka?" Nilimtumia sauti ndefu mpaka nikaona bora niandike kabisa, maana wengi mnaonisoma mko humohumo na mnataka ninachokitaka mimi: kuishi bila kukopa, na siku moja kuwa na kitu chenye jina lako.

Mimi ni muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na nimeishi kwa kima cha chini karibu maisha yangu yote ya kazi. Amri ya mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda, na hiyohiyo ndiyo niliyolipwa. Ukitoa asilimia 10 ya NSSF, ule mfuko wa pensheni, inabaki 135,000. Kodi ya mapato haikugusi mpaka uvuke 270,000, kwa hiyo hapo angalau unapumua. Januari 2026 ikaanza amri mpya, viwango vikapanda. Ila mshahara ukipanda bila wewe kubadilika, utashangaa tarehe kumi iko palepale.

Chakula hakikumalizi, mdogo wangu. Mtu mmoja anakula kiasi gani? Kinachokumaliza ni kwamba hela ya mtu asiye na familia inaonekana haina mwenyewe. Mei Mosi 2025 Rais alipotangaza kule Singida kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kinatoka 370,000 kwenda 500,000, simu yangu haikupumzika. Mjomba alinipigia jioni ileile: "Hongera mwanangu, Mungu amewakumbuka." Nikamweleza kwamba hayo ni ya serikali, mimi niko sekta binafsi, dukani kwetu hakuna kilichoongezeka. Akasikiliza vizuri sana, kisha akaniambia ada ya mdogo wangu imebaki kidogo, niimalizie.

Hata nyumba ya kupanga inakutoza kama familia. Tunapoishi Pasua vyumba ni sita na mita ya maji ni moja. Bili ikija inagawanywa kwa vyumba. Mimi na ndoo yangu moja asubuhi, moja jioni, nalipa sawa na chumba cha watu sita wenye nguo za watoto kila siku kwenye kamba. Nilinyamaza muda mrefu. Siku moja nikachukua karatasi, nikaandika idadi ya watu wa kila chumba kuanzia cha kwanza: watano, wanne, sita, watatu, watano, mmoja. Nikaiweka juu ya ndoo pale bombani, wakati wote tuko uani. Mama wa chumba cha pembeni alinuna, salamu zikawa za shida. Lakini mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi aliisoma ile karatasi, akasema chumba cha mtu mmoja kilipe nusu. Mpaka leo nalipa nusu, na yule mama tunapikiana.

Kwenye umeme angalia kitu kimoja. Bei ya chini ya LUKU ni ya wanaotumia mpaka uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na makato. Mita moja ikilisha vyumba sita na friji mbili, mnavuka bila kujua, na huko juu bei ya uniti ni karibu mara tatu. Kabla hujalipa kodi ya chumba, uliza mita ni yako au ya wote.

Kwenye chakula sina maneno mengi. Nanunua maharage na mahindi Mbuyuni, nusu debe nagawana na jirani, napika makande Jumapili. Nikienda kwetu Rombo narudi na ndizi na parachichi. Basi.

Tuje kwenye michango, maana hapo ndipo mshahara wa mtu mmoja unapozikwa. Huku kwetu mnajua: send-off, kitchen party, harusi, kipaimara, na Desemba ndugu wote wanapanda kutoka Dar na magari yao. Unaingizwa kwenye grupu la kamati bila kuulizwa, kabla hujasoma hata jina la bwana harusi mweka hazina ameshakuandikia ahadi. Mara moja niliandikiwa 100,000. Mshahara mzima ukitoa kodi ya chumba! Nilipouliza, nikajibiwa: "Wewe si huna majukumu?"

Hilo neno liliniuma na bado linaniuma. Mimi ndiye ninayemnunulia mama dawa za presha kila mwezi. Kaka yangu ana mke, ana watoto, na ana kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa sababu kihamba cha baba kilienda kwake bila hata kikao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke ana haki sawa kwenye ardhi, lakini ukoo wetu haukuifungua siku ile. Yeye anahesabiwa ana majukumu. Mimi ninayelipa nahesabiwa sina.

Tangu hapo nina utaratibu na sijauvunja. Msiba natoa, kila msiba, hata kama ni 5,000. Sherehe natoa kwa mtu ambaye nikiumwa atakuja kuniona. Wengine nawaambia mapema na kwa heshima: "Mwezi huu sina nafasi, nawaombea heri." Sitoi ahadi halafu nikajificha. Watu walisema nimekuwa bahili, wakachoka kusema.

Hela yako ipangie kazi kabla haijaingia. Siku ya mshahara, kabla hujafungua WhatsApp, kodi iende, mchezo wa kupeana hela kwa zamu uende, ya mama iende. Tunacheza mchezo wanawake kumi tunaojuana, na zamu yangu ilipofika nilinunua cherehani la mtumba. Jioni napunguza suruali na magauni ya watu wanaonunua mitumba soko la Memorial, na hicho ndicho kinachonilisha wiki ya mwisho ya mwezi. Mtu asikudanganye kwamba kubana matumizi tu kutakutoa. Lazima kuwe na mlango wa pili. Na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, usiiguse hata ukilala njaa. Nimeona wenzangu wakibebewa kitanda na godoro mchana kweupe.

Kingine ni cha kazini. Mwajiri wangu wa kwanza alinikata NSSF kila mwezi na kuiandika kwenye karatasi ya mshahara. Nilipokuja kuomba taarifa ya michango nikakuta miezi michache tu ya mwanzo, kwingine kote patupu. Alikuwa anaikata na kuiweka mfukoni, na ile asilimia 10 anayotakiwa kuongeza yeye ndiyo kabisa haikuwahi kufika. Nikipita mtaa ule roho inanipanda mpaka leo. Wenzangu, msikubali! Hiyo ndiyo akiba pekee ambayo mjomba hawezi kuiomba. Omba taarifa yako mwezi huu, usisubiri kuacha kazi.

Na wewe mdogo wangu wa Majengo, hiyo barua ya ajira uliyosema hujapewa, idai wiki hii. Iandikwe mshahara, saa za kazi, ambazo kisheria hazizidi 45 kwa wiki kabla ya ovataimu, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Bosi akisema utapewa baadaye, mwambie kwa adabu kwamba utaifuata Ijumaa, na Ijumaa nenda.