Umepaki nini, kijana?

SWALI: Nimeandika programu ndogo, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, ya kupigia hesabu za magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kompyuta ya bosi haina Python, kwa hiyo nataka kumpa faili la kubofya tu. Niseme nimeikompaili, nimeifunga au nimeipaki? (Msomaji, Ilemela)

JIBU: Kukompaili hukukompaili. PyInstaller, chombo cha kutengenezea faili la kubofya la namna hiyo, haiigeuzi programu yako kuwa lugha ya mashine. Inaikusanya pamoja na mkalimani wa Python, yaani kile kinachoisoma na kuiendesha, na maktaba zake, inafanya bunda moja. Nako kuifunga hapana: bosi atadhani umeizima ukaenda kula.

Lakini hiyo "paki"! Tumelichukua kwa Waingereza mara mbili, kwanza la kuegesha gari, kisha la kufungasha mzigo, na midomo yetu ikayafanya neno moja. Majuzi nilimpigia dereva wa kirikuu niliyemwachia dagaa wangu. "Mzee, nishapaki." Nikapanda daladala kutoka Nyakato, roho kwatu. Kufika, kirikuu kiko kivulini, kitupu, kimefutwa vumbi. Dagaa bado wamemwagwa juu ya turubai, korongo wawili wanawakodolea macho. Nikamwambia apaki. "Si nimeshapaki, mzee?" Paki basi! "Nimepaki!" Tukaendelea hivyo hadi mama muuza chai akaweka birika chini acheke vizuri. Na kijana wa watu hakuwa amesema uongo. Hapo hatujagusa kupakia, yaani kupandisha mzigo garini, ambalo ni tendo la tatu.

Egesha tunalo, la watu wa vyombo: mtumbwi huegeshwa ufukweni. Fungasha limezaliwa na funga, na kila aliyewahi kuhama nyumba ya kupanga analijua. Kwa magari nimechoka kubishana, pakini mnavyotaka. Kwa mzigo sikubali.

Kwa hiyo: "Bosi, nimeifungasha programu iwe faili moja linalojitegemea." Kujitegemea tunakujua tangu Azimio la Arusha, 1967, ingawa huku kuna mipaka yake: lililofungashwa kwenye Windows halifunguki kwenye Mac. Mwambie pia asilibofye mara kumi likichelewa, maana faili moja la namna hiyo kila likiwashwa hufungua kwanza mzigo wake kwenye folda ya muda.

Akiuliza umelipaki wapi, mwonyeshe flashi.