Maswali na majibu: Ulichojinyima kimekwenda kwa nani?

Barua za Kwaresima ni nyingi, na karibu zote zinauliza "niache nini". Zinazouliza kile kilichoachwa kiende wapi ni chache mno. Nimechagua hizi.

Katekista, Tumsifu Yesu Kristo. Tangu Jumatano ya Majivu nimeacha sukari na vitu vyote vitamu. Nimepungua, nalala vizuri, mwili mwepesi. Nitajuaje kama na imani yangu imekua?

Milele amina. Nafurahi kwamba una afya njema. Ila isome tena barua yako, dada yangu: uzito, usingizi, wepesi. Mungu hajatajwa, na jirani hajatajwa. Mtu asiyeamini chochote angeweza kuacha sukari siku hizo hizo akapata faida hizo hizo, na angekuwa amefanya jambo jema kwa mwili wake. Kwaresima inadai zaidi ya hapo.

Injili tunayosomewa Jumatano ya Majivu, Mathayo sura ya 6, inataja mambo matatu kwa mfululizo: sadaka, sala, kufunga. Sisi tumechomoa la tatu, tukalipunguza mpaka likabaki kitu kimoja cha mdomoni, na hicho ndicho tunachokiita Kwaresima. Petro Krisologo, askofu wa Ravenna katika karne ya 5, aliwafundisha watu wake kwamba hayo matatu yana uhai mmoja: sala hubisha hodi, mfungo hupata, huruma hupokea. Aliye na moja tu, alisema, hana hata hilo moja. Naliandika hili kila mwaka na nitaendelea kuliandika, kwa sababu kila mwaka naletewa mfungo usio na sala wala sadaka, nikiulizwa mbona hauzai kitu.

Fanya hivi. Kila mkono wako unapokwenda kwenye kile kitamu ukaurudisha, hapo hapo sema neno moja kwa Bwana, hata kama ni jina lake tu. Ile hamu iwe kengele ya sala. Fedha ambayo ungeitumia itenge siku hiyo hiyo, mahali pake peke yake; ukiiacha ichanganyike na ya matumizi, kufikia jioni imekwisha. Kabla ya Pasaka mpelekee mtu unayemjua kwa jina, ukae naye kidogo, umsikilize. Na kuhusu kukua, waulize wanaoishi nawe kama siku hizi unakasirika kidogo kuliko zamani na kama unawahi kuomba radhi. Wao wanajua.

Je, Dominika, yaani Jumapili, tunahesabu au hatuhesabu? Nimehesabu nikapata siku 46.

Hili nimelijibu mara nyingi mno. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Dominika 6, zinabaki 40. Dominika hazifungwi kwa sababu ni siku za Ufufuko. Kama umemwahidi Mungu kuacha kitu fulani kwa hiari yako, Kanisa halikukuwekea sheria juu ya Dominika. Ushauri wangu ni uendelee nacho tu. Nimeona wengi wanaokesha wakisubiri Jumamosi usiku upite ili wafidie yote waliyoyakosa, na mtu wa namna hiyo juma zima moyo wake unaishi kwenye sahani.

Ijumaa samaki anaruhusiwa?

Ndiyo. Kinachozuiwa ni nyama. Lakini ukimtafuta samaki wa bei kubwa kuliko nyama uliyoiacha, umeshika sheria na kupoteza Ijumaa.

Mume wangu huacha pombe kila Kwaresima, haonji hata tone. Lakini nyumbani panakuwa moto. Anafoka, watoto wanamkwepa. Pasaka ikifika anakunywa kutwa nzima kama anayelipa deni. Nimwambie asijinyime?

Pole sana, mama. Usimwambie hivyo. Kuacha kwake kuna thamani, na pengine ndiyo vita ngumu kuliko zote anazopigana kwa mwaka. Lakini anapigana peke yake, kwa nguvu ya meno yaliyoumana. Mtu akiondoa pombe bila kuweka kitu mahali pake, ile saa ya jioni inabaki tupu, na hasira ndiyo inayokuja kuikalia. Mtafutieni cha kufanya saa hiyo hasa: Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa, kumtembelea mgonjwa, kusali na watoto hata kwa dakika chache. Usimwite kwa kumkaripia. Mwambie tu, "Baba fulani, tunakuhitaji saa moja." Mwanamume anayehitajika huitika tofauti na anayelaumiwa.

Halafu hiyo Pasaka. Anayehesabu siku ili arudie kilevi kwa fujo, toba yake bado haijaanza, ameahirisha tu. Yoeli anasomwa siku ile ile ya majivu: "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu." Aketi na padre, aseme wazi kwamba pombe imemshika. Kwaresima moja iliyomfikisha mtu kwenye kukiri hilo ni bora kuliko nyingi alizozimaliza kwa ubishi.

Naongeza mawili ambayo hukuuliza. La kwanza, anayekunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka na kupata degedege, na wapo wanaopoteza maisha. Mtu wa hivyo amwone daktari kabla ya kuacha, na hilo halimpunguzii imani. La pili, kama kufoka kunafika kwenye kupiga, usikae ukisema ndio msalaba wako. Toka na watoto, nenda kwa watu watakaowalinda. Kanisa halijawahi kukuagiza upigwe.

Nilisema nitaacha simu usiku. Juma la kwanza tu nimeanguka mara kadhaa. Si afadhali niahirishe mpaka mwakani?

Anza leo usiku. Ukishaichaji, iache chumba kingine, maana simu iliyo chini ya mto itakushinda kila siku. Na ulipoanguka, umejifunza kwamba huna nguvu uliyodhani unayo. Hayo ni maarifa ya Kwaresima kabisa. Anayefaulu siku zote arobaini bila kujikwaa, mara nyingi amejichagulia kitu chepesi.

Ndugu zangu walokole wanasema Kwaresima haimo kwenye Biblia. Niwajibu nini?

Waambie neno halimo, jambo limo. Bwana alikaa jangwani siku arobaini. Alipofundisha juu ya kufunga hakusema "ikiwa mtafunga", alisema "mfungapo". Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, unazitaja hizo siku arobaini kabla ya Pasaka kama jambo linalofahamika tayari. Ukishawaambia hayo, nyamaza. Mabishano ya namna hii hula muda ambao ungeutumia kusali, na ndugu hashindwi kwa hoja akakupenda zaidi. Tena wengi wao hufunga kuliko sisi. Waulize wanavyosali wanapofunga, utapata cha kujifunza.

Nina ujauzito. Mama mkwe anasema nisipofunga Ijumaa Kuu nitamkosea Mungu.

Hutamkosea. Kula. Sheria ya kufunga inawahusu waliotimiza miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60, na ya kuacha nyama inaanza mtu akitimiza miaka 14. Wajawazito, wanaonyonyesha na wagonjwa hawabanwi. Siku zenyewe za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na kidogo asubuhi na jioni. Kwa heshima zote namwomba mama mkwe asiweke mzigo ambao Kanisa halikuuweka. Na wenye kisukari wanaoacha dawa "kwa sababu ya mfungo", wanaonisoma wakidhani siwaoni: chukueni dawa zenu leo.

Mwanangu wa miaka tisa anataka kuacha kitu kama sisi. Ni mdogo mno?

Sheria haimbani, lakini kanuni ile ile inayoweka miaka niliyoitaja, ya 1252 katika Sheria za Kanisa, inawataka wachungaji na wazazi wawafundishe wadogo maana ya kweli ya toba. Usimchagulie. Mwambie atafute kitu anachokipenda ambacho mtoto mwingine angefurahi kukipata, kisha muende naye kumpa. Akitaka kumpa kile kilichovunjika, mwambie kwa upole atafute kingine. Somo lote liko kwenye dakika ile anayokishika kizuri na kusitasita. Usimharakishe.

Ni vibaya kuandika kwenye mitandao kwamba nafunga?

Ndiyo. Bwana amesema ujipake mafuta na kunawa uso, watu wasijue.

Mwalimu, mimi nakula mara moja kwa siku, na siku nyingine hakuna kabisa. Kanisani tunahimizwa tujinyime. Nijinyime nini tena?

Barua hii niliisoma na kuiweka mbele ya nyingine zote. Chakula usijinyime. Ukikipata, kula na umshukuru Mungu. Njaa usiyoichagua si mfungo, na asitokee mtu wa kukuambia kwamba umebarikiwa kuwa nayo. Isaya 58 inasema mfungo anaoupenda Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula, kumvika aliye uchi, kufungua vifungo vya uovu. Mwenye njaa katika sura ile ni wewe. Wanaoamriwa ni sisi.

Toba yako ipo, ila haipiti tumboni. Inaweza kuwa kumsamehe aliyekudhulumu, au kuacha kujilinganisha na wenye navyo mpaka uchungu ukakujaa. Inaweza kuwa kumwombea mtu. Na uende kwa viongozi wa jumuiya yako ndogo ndogo ukawaeleze hali yako waziwazi kama ulivyonieleza mimi. Najua ni vigumu kuliko kufunga.

Kwa wengine mnaosoma hapa: michango ya Kwaresima mnayoitunza kwenye bahasha mpaka Juma Kuu, huyu hawezi kuisubiri. Mwulizeni mwenyekiti wa jumuiya yenu wiki hii ni nyumba gani haijapika. Akishindwa kuwajibu, zungukeni wenyewe.

Mwisho wa kuungama kabla ya Pasaka ni lini?

Uliza ratiba parokiani kwako, uende wiki hii. Anayengoja Juma Kuu hukuta foleni ndefu na padre aliyechoka, akaungama kwa haraka yale aliyoyabeba mwaka mzima.